Meza ya watu wanne

Mama mmoja alinisimamisha nje ya kanisa baada ya misa ya kwanza. Baada ya Tumsifu Yesu Kristo hakuzunguka. "Padre, jana jioni ulikula na mume wangu." Nikamjibu kuwa ni kweli, na kwamba tulikula vizuri. "Mimi na watoto tulikula ugali kwa majani ya maboga," akasema. Kisha akanitakia Jumapili njema, akamshika mwanawe mkono, akaenda zake.

Hakupandisha sauti wala hakunituma kwa mumewe. Alinipa habari tu, kama mtu anavyomwambia jirani kuwa mvua imenyesha upande wao. Nimekaa na habari hiyo tangu siku ile, na leo naomba nikae nayo pamoja nawe, ndugu msomaji, kwa sababu nadhani haituhusu mimi na baba yule peke yetu.

Mahali tulipokula sitapataja, maana mwenye mgahawa hana kosa. Wakazi wa Tunduma mnavijua vimigahawa vya namna hiyo, ambavyo vimeongezeka hapa mjini na pale Vwawa. Ndani kuna meza tano au sita, taa hafifu na muziki wa chini ambao mtu anaweza kuongea juu yake bila kupiga kelele. Unaagiza kilo ya kitimoto, au mbuzi kama mmoja wenu ni Mwislamu (na tafadhali, akiwepo, agizeni mbuzi wala msimfanyie utani). Nyama inaletwa kwenye sinia moja ikiwa imekatwakatwa, pembeni kuna ndizi za kukaanga, kachumbari, pilipili na vijiti vya meno. Hakuna sahani ya huyu na sahani ya yule. Wote mnachoma kutoka sinia lile lile, mkisogezeana kipande kizuri. Anayependa huagiza bia, na siku hizi wapo wanaoagiza mvinyo wa Dodoma kwa glasi.

Wahispania wana desturi inayofanana na hiyo. Wanaiita tapas: visahani vidogo vya chakula vinavyowekwa katikati ya meza, watu wanakula kwa pamoja huku wakinywa mvinyo kidogo na kuongea sana. Neno lenyewe kwao asili yake ni kifuniko. Nalitaja ili tusidhani kwamba kula nje kwenye meza ndogo ni uhuni uliozaliwa mpakani. Watu wa mataifa mengi wamegundua jambo hilo hilo, kwamba chakula kidogo kinacholiwa polepole na watu wachache hufungua midomo ambayo mkutano wa hadhara hauifungui.

Wala sitaki kusikia mhubiri akilaani jambo hilo kwa jumla. Bwana wetu alikula sana nyumbani kwa watu, kiasi kwamba wabaya wake walimwita mlafi na mlevi (Mt 11:19). Alijialika mwenyewe kwa Zakayo. Ishara yake ya kwanza kwa mujibu wa Yohane ilikuwa ya mvinyo, tena mwingi, tena arusini. Pale Emau wanafunzi wawili walitembea naye njia nzima akiwafafanulia Maandiko, lakini walimtambua mezani, alipoumega mkate (Lk 24:30-31). Watu watatu, meza moja, jioni. Na mizabibu ya Dodoma ambayo leo inatupatia mvinyo wa altare na wa mgahawani ina historia inayokwenda hadi kwa wamisionari wa Bihawana. Kanisa haliwezi kuupanda mzabibu kisha likajifanya halimjui mnywaji.

Tena hapa Tunduma wako wengi ambao kula nje si anasa. Dereva aliyetoka Dar es Salaam ameendesha zaidi ya kilomita 900 kabla ya kuukuta mpaka. Tangu mwaka 2019 tuna kituo cha pamoja cha forodha kati yetu na Nakonde, na mambo yamepungua ugumu, lakini foleni ya malori tunaendelea kuijua. Mafuta yanapanda kwenda Zambia na Kongo, shaba inateremka kwenda bandarini, na katikati kuna dereva na utingo wake ambao hawajaona wake zao kwa wiki mbili. Benchi la mama ntilie ndiyo meza yao ya familia. Nimewahi kumwona dereva akimsogezea utingo wake mnofu wa mwisho wa samaki bila kusema neno, na nikasema moyoni kwamba huyo ameshika nusu ya katekisimu. Hao siwaongelei leo.

Namwongelea baba ambaye nyumba yake iko umbali wa mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye ile meza. Na ninajiongelea mimi niliyekaa mbele yake.

Turudi kwa Paulo. Korintho ilikuwa Tunduma ya zama zile. Mji ulikaa kwenye kipande chembamba cha nchi kavu, bandari moja upande huu na nyingine upande wa pili, na mizigo ilivushwa nchi kavu kutoka bahari moja kwenda nyingine ili meli zisizunguke kusini kwenye mawimbi mabaya. Kwa hiyo kulikuwa na wachukuzi, mabaharia, wabadilisha fedha, wauza vyakula, watu wa lugha nyingi, pesa za haraka na umaskini wa haraka. Paulo alikaa humo mwaka mmoja na miezi sita (Mdo 18:11). Majengo ya kanisa hayakuwepo. Waamini walikutana nyumbani kwa yule aliyekuwa na nyumba kubwa, wakala chakula cha jioni, na ndani ya mlo huo wakaadhimisha Karamu ya Bwana.

Padre Jerome Murphy-O'Connor, Mdominiko aliyefundisha Biblia Yerusalemu kwa miaka mingi, alitusaidia kuiona nyumba hiyo. Chumba cha kulia cha tajiri wa Kirumi kilikuwa na makochi matatu, kila kochi watu watatu. Watu tisa tu, basi. Waliobaki walikaa nje uani. Sasa fikiria nani aliwahi kufika na kulala kwenye kochi: rafiki wa mwenye nyumba, mtu asiye na bosi. Na nani alichelewa: mtumwa, mchukuzi wa bandarini, mtu ambaye siku yake si mali yake. Akifika na vumbi lake, anakuta vyombo vitupu na wenzake wamechangamka kwa mvinyo. Ndipo Paulo, katika barua ya kwanza sura ya 11, anawaambia kwamba kwa jambo hilo hawezi kuwasifu. Mmoja ana njaa, mwingine amelewa, na wanaita hiyo karamu ya Bwana.

Kila Alhamisi Kuu tunasoma sura hiyo, ila tunasoma aya ya 23 hadi ya 26 peke yake, pale Paulo anaposimulia usiku ule ambao Bwana alitolewa. Ni maneno matakatifu na yanastahili usiku huo. Lakini aya zilizotangulia, zile za njaa na ulevi, huzisikia hasa wale wachache wa misa za siku za kazi, wiki yao ikifika. Wengi wetu tunaijua simulizi ya mkate na kikombe bila kujua kwamba Paulo aliisimulia katikati ya ugomvi kuhusu nani amekula na nani hajala. Mimi nilifundishwa seminari kuichambua sura hii neno kwa neno. Nimeihubiri mara nyingi. Na bado jioni ile niliketi mezani nikachoma nyama kwa kijiti na sikuuliza mama yuko wapi.

Dawa ya Paulo inashangaza kwa udogo wake. Hakuvunja karamu, hakupiga marufuku mvinyo, wala hakuagiza kila mtu alete sahani yake. Mwishoni mwa sura, aya ya 33, anawaambia jambo moja: mngojane.

Nimelitafakari neno hilo kwa kulipeleka kwenye nyumba za hapa kwetu. Msimu wa kahawa Mbozi, nani anachuma? Nenda shambani uone migongo iliyoinama ni ya nani. Fedha zikitoka, nani anakwenda kuzipokea, na meza ya kwanza zinapofunguliwa iko wapi? Mara nyingi iko Mlowo au Vwawa, siku ile ile, na aliyechuma yuko nyumbani anasubiri kuambiwa zilitoka ngapi. Huyo ndiye mchukuzi wa Korintho. Atafika baadaye akute vyombo vitupu.

Na nyama yenyewe si hasara kubwa zaidi, ingawa mtoto anayenusa moshi wa nyama kwenye shati la baba yake ana kumbukumbu ndefu. Hasara kubwa ni maneno. Kama nilivyosema, meza ndogo hufungua midomo. Pale ndipo baba anapoeleza hofu zake, madeni yake, mpango wa kumhamisha mtoto shule. Jioni ile baba yule alizungumza nasi kwa kirefu kuhusu kiwanja chake cha Mpemba alichotaka kukiuza. Tulimshauri. Mmoja akasema uza, mwingine akasema ngoja bei ipande, mimi nikasema maneno ya kipadre. Ilikuwa baadaye, baada ya yule mama kunisimamisha, ndipo nilipojiuliza kama mwenye nusu ya kile kiwanja anajua kwamba kinajadiliwa. Watu wanne tulikuwa tumekalia makochi, yeye yuko uani.

Akina baba wameniambia sababu zao, na si zote za kupuuzwa. Wapo wanaosema mke mwenyewe hapendi kutoka, na wengine kwamba pesa ya watu wawili haitoshi. Yupo aliyeniambia kwa uaminifu kabisa kwamba akikaa na mkewe mezani hawana la kuongea zaidi ya ada na unga. Huyo wa mwisho nilimhurumia, na ndiye ninayemwombea zaidi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa Furaha ya Upendo wa mwaka 2016, alisema kwa namna yake kwamba upendo wa ndoa unahitaji muda, na kwamba inafaa mara kwa mara kuvunja mazoea ya kila siku kwa sherehe. Wanandoa wakikaa miaka mingi bila kula pamoja mahali ambapo hakuna sufuria ya kuosha, ada na unga ndiyo lugha itakayobaki. Kuhusu pesa, nusu kilo kwa watu wawili ni bei ile ile ya nusu kilo kwa mtu mmoja na rafiki yake. Na anayesema mkewe hapendi kutoka, nitamuuliza alimwalika lini mara ya mwisho.

Kwenye jumuiya ndogo ndogo tuna ugonjwa huo huo ukiwa umegeuzwa. Jumamosi asubuhi akina mama wamekaa kwenye mikeka na rozari, akina baba hawapo, na tunaendelea kusali kama kwamba wako wote. Huko nako hatujangojana. Lakini hilo lina Jumapili yake.

Miezi imepita. Majuzi baba yule yule alinialika tena, pamoja na katekista. Tulipoketi nikamuuliza mama yuko wapi. Yuko dukani, akasema, anafunga saa mbili. Nikasema basi tumngoje. Akanitazama, akatoa simu, akatoka nje kuongea.

Sinia lilifika saa mbili kasoro. Binti anayehudumu alitushangaa hatuligusi, akalifunika kwa sinia jingine. Tuliongea habari za mahindi. Katekista, ambaye alikuwa hajala tangu asubuhi, alikuwa akikitazama kile kifuniko kwa jicho la Waisraeli jangwani. Mama alifika saa mbili na nusu, kanga begani, mtoto mdogo mgongoni, akakuta hatujala.

"Mbona hivyo, kwani nyama haikuiva?"

Hakuna aliyejibu. Binti alilirudisha sinia jikoni lipashwe moto. Mama akaagiza uma, akasema vijiti vinamchosha. Akala vipande vitatu, akamtafunia mtoto cha nne, akasema pilipili ya hapa ni kali kuliko ya Nakonde. Kisha akageuka kwa mumewe, akamuuliza kuhusu kile kiwanja.