Wavuvi Wasibebeshwe Lawama Zote

Makala iliyodai kwamba dagaa wa Ziwa Tanganyika wamepungua kwa sababu ya uvuvi haramu tu imeishia juu juu. Nyavu haramu zina hatia, sikatai. Lakini dagaa hutegemea vijidudu vinavyokula mwani, na mwani, unaogeuza kaboni kuwa chakula, huhitaji virutubisho kutoka kilindini. Bakteria huozesha mabaki huko chini na kuviachia virutubisho hivyo. Maji ya juu yakipata joto kwa sababu ya gesi zinazochafua anga, huwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, na virutubisho hunaswa huko chini. Utafiti wa mwaka 2003 ulikadiria uzalishaji wa mwani umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Kufunga ziwa miezi mitatu, kama Tanzania ilivyofanya mwaka 2024, huwapumzisha samaki, hakupozi maji. Anayewalaumu wavuvi wa Kigoma peke yao anawasafisha wanaochafua anga.