Mgeni wa Jumapili Usiku

Huku kwetu Columbus majani yameanza kupukutika na makoti yameshatoka sandukuni. Niliwaahidi makala ya kuweka akiba ya ada ya chuo, nayo itakuja, lakini wiki hii niruhusuni niiweke kando. Kuna jambo limetokea sebuleni kwangu Jumapili usiku, mbele ya televisheni, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Wenye watoto wa rika la sekondari huenda mnaijua tamthilia ya Supergirl. Kwa wasioijua: ni habari za msichana anayeitwa Kara, anayeigizwa na Melissa Benoist. Alizaliwa katika sayari ya Krypton. Sayari ilipokaribia kuangamia, wazazi wake walimpandisha kwenye chombo cha angani wakamtuma duniani. Mchana ni mwandishi wa habari mwenye miwani na sauti ya upole. Kukiwa na hatari anavua miwani, anavaa joho jekundu na kuruka angani. Tamthilia hii ilianza 2015, na Jumapili, tarehe 14 Oktoba 2018, ndiyo ulianza msimu wa nne. Zamani ilikuwa ikionyeshwa Jumatatu. Kwa msimu huo waliihamishia Jumapili saa mbili usiku, wakati ambao hata mimi niko nyumbani.

Binti yangu ana miaka 17 na haikosi. Mdogo wake anakaribia miaka saba na anapenda tu watu wanaporuka. Mimi hukaa nao kwa sababu ya bisi. Baba yao alikuwa kazini zamu ya usiku.

Kipindi hicho cha kwanza kinaitwa American Alien. Jina lilipotokea tu, mdogo akauliza, "Mama, alien kwa Kiswahili ni nani?"

Nikafikiri kidogo. Ningeweza kusema ni kiumbe kutoka sayari nyingine, lakini maneno hayo ni marefu kwa mtoto. Nikamwambia, "Ni mgeni."

"Mgeni kama shangazi alipokuja Krismasi?"

"Neno ni hilohilo."

Dada yake akacheka, akasema, "Hata sisi ni alien. Angalia kadi yako, ile namba inayoanza na A. Hiyo A ndiyo alien."

Ni kweli. Kila mhamiaji aliyepitia ofisi za uhamiaji za Marekani anaijua namba hiyo. Tumeijaza kwenye fomu mpaka tunaikumbuka kuliko namba ya simu ya nyumbani Tanga. Kumbe walioandika tamthilia waliliokota neno lilelile la kwenye makaratasi yetu. Na huenda si ajabu. Superman, binamu yake Supergirl, alibuniwa na vijana wawili wa Cleveland, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa nilipo. Walikuwa Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa Wayahudi waliohamia Amerika. Hadithi ya kwanza ya Superman ilichapishwa 1938, na Supergirl akafuata kwenye vitabu vya katuni 1959. Tangu mwanzo hii ni hadithi ya mtoto aliyefika mahali asipozaliwa.

Kuna jambo moja ambalo binti yangu alinieleza zamani nami sikulitilia maanani. Superman alifika duniani akiwa mtoto mchanga. Hakumbuki chochote cha kwao. Kara alikuja akiwa msichana mkubwa, amejaa lugha ya kwao, sala za kwao, na sura ya mama yake. Tena alitumwa aje kumlinda yule mchanga. Na sisi tulipoingia nchi hii, binti yangu alikuwa na miaka 11, na mdogo wake alikuwa na miezi kumi mgongoni kwangu. Uwanja wa ndege mimi nilibeba mtoto na baba yao alibeba mabegi. Yeye alibeba bahasha ya makaratasi yetu yote, kwa sababu ndiye aliyekuwa akisoma Kiingereza haraka kutuzidi.

Sasa turudi kwenye kipindi. Msimu unapoanza, Kara anaruka huku na kule duniani akiokoa watu. Ana furaha. Kazini amepewa mwandishi chipukizi, Nia Nal, amfundishe kazi. Anaona dunia inakwenda vizuri. Lakini mjini kwake, wakati yeye yuko angani, chuki dhidi ya wageni kutoka sayari nyingine imeanza kuchemka. Wanashambuliwa. Kuna mtu aliyevaa kinyago, anajiita Agent Liberty, anayechochea moto huo. Wageni wengine huvaa kifaa kidogo kinachobadilisha sura zao ili wafanane na wenyeji, waende dukani bila kutazamwa. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Hawa wanajipaka rangi ya kuku wengine ili wapite.

Anayeliona tatizo ni mzee J'onn, anayeigizwa na Mwingereza David Harewood. Naye ni mgeni, wa kutoka Mirihi. Ameacha kazi ya silaha, siku hizi anakaa na wageni wa kawaida, anasikiliza shida zao. Rafiki yake mmoja ametoweka. Anamwendea Kara na kumwambia kwamba hali ni mbaya. Na Kara, msichana mwenye masikio ya kusikia sindano ikianguka mtaa wa tatu, hasikii. Anaona hayo ni mambo ya watu wachache. Watu kwa jumla ni wema, anaamini hivyo. Kwani wao si wanampenda?

Hapo ndipo binti yangu, bila kugeuka kunitazama, akasema, "Mama, huyo ni wewe."

Nikajichekesha. "Mimi naruka?"

Hakucheka. Macho yake yalibaki kwenye televisheni.

Wasomaji wangu, ilinibidi nikumbuke, na nilikumbuka upesi, maana yake nilikuwa sijasahau. Wiki mbili kabla, Jumamosi jioni, nilikuwa naosha vyombo. Akaja akasimama mlangoni, akasema hataki tena kupanda basi kwenda kazini kwake. Asubuhi alikuwa kwenye basi anaongea na bibi yake kwa simu. Ilikuwa saa tatu kwetu, saa kumi alasiri Tanga, wakati ambao bibi humaliza kusali na kukaa barazani. Mwanamume mmoja akamwambia aongee lugha ya hapa au ashuke. Akalirudia kwa sauti kubwa zaidi. Basi lilikuwa na watu. Hakuna aliyesema neno.

Mimi nilijibu nini? Sikuzima hata bomba. Nilisema, "Mwanangu, usimjali. Labda ni mgonjwa wa akili. Watu wa hapa ni wema." Nikamtajia jirani yetu mzee, anayetufyekea theluji mlangoni kila msimu wa baridi bila kuombwa. Nikamtajia mwalimu aliyemletea kamusi wiki yetu ya kwanza. Nilipogeuka hakuwepo mlangoni.

Nataka tuelewane hapa. Yule jirani yupo kweli. Theluji anaifyeka kweli. Sikumdanganya mtoto hata neno moja. Kosa langu ni kwamba nilichukua wema wa jirani nikaufanya kofuli, nikamfungia mlango mtoto aliyekuja na kidonda. Wema wa mtu mmoja haufuti ubaya wa mwingine, kama vile chai tamu ya asubuhi haiondoi njaa ya jioni. Na Kara hakosei anaposema kuna watu wema. Anakosea anapolisema hilo wakati mwenzake anamwambia rafiki yake hajarudi nyumbani.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza wiki nzima. Jibu si zuri. Mimi ndiye niliyetaka kuja. Baba yao alikuwa na kazi yake Tanga na angeridhika kubaki. Nikikubali kwamba binti yangu ametukanwa ndani ya basi, nchi niliyomleta mimi, itabidi nijiulize kama nilifanya sawa. Ni rahisi zaidi kusema yule bwana ni mgonjwa.

Kipindi kilipokwisha nikampeleka mdogo kulala. Nawaambieni na ninyi: kina vitisho na watu wanaumizwa, wa chini ya miaka kumi wasikae mpaka mwisho. Kisha nikarudi, nikazima televisheni, nikamwambia binti yangu, "Nisimulie tena ya kwenye basi. Anzia ulipopanda. Sitasema kitu."

Ilikuwa vigumu kutosema kitu. Akasimulia. Alishuka vituo vinne kabla ya chake, akatembea, akachelewa kazini, akakatwa nusu saa ya malipo. Hilo sikulijua. Lakini akasema kilichomuuma si yule mtu. Kilichomuuma ni kwamba bibi alisikia kelele kwenye simu akauliza, "Nani huyo anafoka?" Naye akajibu, "Ni redio, bibi."

Basi hapo nikaona. Mtoto wangu alimdanganya bibi yake ili bibi asiumie, na mimi nikajidanganya mwenyewe ili nisiumie. Tumekaa nyumba moja wiki mbili, kila mmoja amevaa kile kifaa cha kubadilisha sura.

Tuliongea mpaka saa sita. Tuliichambua na tamthilia yenyewe, maana binti yangu ni mkali. Alisema kuna kitu hakimridhishi: wageni wa kwenye televisheni wana nguvu za kupindua magari, kwa hiyo mtu akiwaogopa ana kisingizio. "Mimi nikipanda basi nina begi na simu, Mama. Ananiogopea nini?" Nami nikamwambia langu. Kara alipendwa na mji tangu siku ya kwanza kwa sababu aliokoa ndege iliyokuwa ikianguka. Sisi tumezoea kuwaambia watoto wasome kupita wenzao, wafanye kazi kupita wenzao, ndipo watakubaliwa. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na ni sawa, kila mtu afanye kazi. Lakini jembe si tiketi ya kuheshimiwa. Mgeni asiyeweza kuokoa ndege naye ana haki ya kukaa kwenye kiti chake cha basi na kumsalimia bibi yake.

Akaniuliza, "Ulisema alien ni mgeni. Sasa kwa nini kwetu mgeni anapewa chai?" Nikamwambia kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Akanyamaza, kisha akasema hata kwetu si kila mgeni hupewa chai. Akanikumbusha jirani yetu wa Tanga aliyetoka bara, watoto walivyomwiga lafudhi yake, na sisi watu wazima tulivyocheka. Sikuwa na jibu. Alikuwa na miaka tisa wakati ule. Kumbe watoto huweka kumbukumbu.

Sasa mtaniuliza tumeamua nini. Si mengi. Tumeandika siku, saa na namba ya njia ya basi, na Jumatatu tumepeleka malalamiko kwa kampuni ya mabasi, tunangoja. Jumamosi hii nitapanda naye. Nilimwambia tutampigia bibi humohumo ndani ya basi, kwa sauti. Akatikisa kichwa. "Hapana, Mama. Bado." Nilitaka kumhimiza, nikajizuia. Joho ni lake, atalivaa siku atakayotaka. Bibi tutampigia tukiwa nyumbani kabla hajaondoka, na bibi hajui lolote la redio. Hilo nalo binti yangu ameomba liwe siri yake, nami nimekubali.

Kwenu wazazi wenzangu nina neno moja. Mtoto wa ugenini akija na habari kama hii, mara nyingi huja wakati mbaya, wewe una sabuni mikononi. Zima bomba kwanza. Habari za jirani mwema zitangoja, hazioshwi na maji. Na ninyi wanafunzi mnaosoma huku mkiwa peke yenu, msioweza kumweleza mama kwa sababu atakosa usingizi, tafuteni mtu mzima mmoja hapo mlipo mumwambie ukweli bila kupunguza.

Jumapili ijayo saa mbili usiku tutakuwa sebuleni tena. Binti yangu anataka kujua kama Kara amesikia sasa. Mdogo ameniuliza kama akimaliza hesabu zake mapema ataruhusiwa kuona pale wanaporuka tu. Nimesema pale wanaporuka, ndiyo.

Makala ya akiba ya ada ni wiki ijayo, inshallah. Salamu kwa wote walio nyumbani kwenu.