Meseji Yako Ndiyo Digrii Yako

Leo naongea na wewe uliyejifunza kuandika programu kwa YouTube na bando ya usiku. Huna digrii, huna mjomba kwa ofisi yoyote, na unatafuta kazi mtandaoni. Nitasema kitu na wengine watakasirika: shida yako kubwa sai si JavaScript. Shida yako ni venye unaandika ukiomba kazi.

Najua swali linakuja. "Kwani huyu ni mwalimu wa Kiingereza?" Mimi si mwalimu wa chochote. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda watu wa nyumbani, na tangu hapo natengeneza video na kuandika hapa. Lakini juu ya hizo video, napokea meseji nyingi za vijana wanaotafuta kazi ya programu, na mara kwa mara mwenye biashara ndogo huniuliza kama namjua mtu wa kumjengea tovuti. Kwa hivyo nimekaa katikati. Naona zinazotumwa, na naona zinazojibiwa.

Nyingi zinazotumwa huwa hivi: "Niaje bro, nko vzr kwa mambo ya tovuti, nitafutie kazi yyt pliz ntashukuru sn."

Huyo mtu huenda ni moto kabisa. Nitajuaje? Hajasema jina. Hajasema amejenga nini. Hakuna kiungo cha kufungua nione. Na hiyo "yyt" ndiyo inaniuma zaidi, juu kazi "yoyote" haipo. Kuna kazi ya kurekebisha fomu inayokataa kutuma. Kuna kazi ya kuunganisha duka na M-PESA kupitia Daraja ya Safaricom. Kuna kazi ya kuhamisha data kutoka mfumo wa zamani. Mwenye shida anatafuta mtu wa shida yake, hatafuti fundi wa chochote.

Fikiria mjengo. Ukienda mjengoni asubuhi, foremani anakuona. Anaona mikono, anaona viatu, anakupa koleo na kwa dakika kumi amejua kama unaweza kazi. Mtandaoni hakuna koleo. Mteja ako San Francisco, wewe uko Roysambu, na kitu pekee alicho nacho mkononi ni maneno yako matano ya kwanza. Aliye na digrii ana karatasi ya kumtangulia. Sisi tulioacha chuo, meseji ndiyo karatasi yetu. Sasa ukiituma ikiwa imekunjamana, unataka asome nini?

Hapa ndipo watu huniambia, "Lakini hata magwiji hawajui tahajia." Ni kweli, na mifano ni mizuri. Kivinjari chako kinapofungua ukurasa kinaweza kuiambia seva umetoka ukurasa gani. Sehemu inayobeba habari hiyo inaitwa "Referer". Kiingereza sahihi ni "referrer", na r mbili katikati. Kosa hilo liliingia kwenye waraka rasmi wa HTTP wa mwaka 1996 na mpaka leo intaneti nzima inalibeba. Unix nayo ina amri ya kuunda faili inayoitwa "creat", bila e ya mwisho. Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alipoulizwa angebadilisha nini akianza upya, alijibu kwa utani kwamba angeiongezea hiyo e.

Sawa. Lakini Thompson alikuwa tayari ameunda Unix. Wewe na mimi bado. Jina likishakuwa kubwa, kosa lako linakuwa hadithi ya kuchekesha. Jina likiwa halijulikani, kosa ndilo jina.

Hata hivyo lazima tutenganishe makosa, maana hapa ndipo vijana wengi wanajinyima kazi bure kwa uoga. Kuna kosa la lugha na kuna kosa la uzembe.

Kosa la lugha ni la mtu anayebeba Kiingereza kama lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Umekosea kiambishi cha wakati, umeweka "in" mahali pa "on". Wateja wengi hawajali hiyo, na wengine wao pia Kiingereza si chao. Mwaka 2001 Eric Raymond alitoa mwongozo maarufu wa jinsi ya kuuliza maswali ya kiteknolojia, na humo anasema anayeandika ovyo kwa kawaida hufikiria ovyo na huandika programu ovyo. Pia anashauri kwamba kama Kiingereza si lugha yako, ni vizuri kusema. Kwa kuuliza swali, sawa. Kwa kuomba kazi, mimi napinga. Usianze kwa kuomba msamaha juu ya Kiingereza chako. Fundi hafungui mlango akisema "samahani nimekuja na nyundo ya zamani". Andika sentensi fupi unazozimudu, basi. Sentensi ya maneno nane ni ngumu kuharibika.

Kosa la uzembe ni lingine. Ni kukosea jina la mteja ilhali limeandikwa juu ya tangazo. Ni kuandika "Java" wakati tangazo linasema "JavaScript". Hizo ni lugha mbili tofauti, zote zilitoka 1995, na jina ndilo zinafanana sana. Ukizichanganya, mteja haoni kosa la tahajia, anaona mtu asiyejua kazi anayoomba. Ni "GitHub", si "git hub". Ni "PostgreSQL", na kama hujazoea, nakili jina kutoka kwa tangazo lenyewe. Wenye WordPress wanajali hiyo P kubwa ya katikati kiasi kwamba tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010 wameweka kipande cha msimbo ndani yake ambacho kazi yake ni kubadilisha "Wordpress" kuwa "WordPress". Mtu anayejenga kwa hicho chombo kila siku hulijua jina lake. Ndiyo maana mteja hutazama hapo.

Na kazi yenyewe ni ya herufi! Ukiita kitu "bei" juu na ukiandike "bie" chini, programu inaanguka. Ukimwonyesha mteja kwamba hukusoma tena meseji ya mistari sita kabla ya kuituma, atakuamini vipi na faili ya mistari mia sita?

Tahajia tuiache hapo. Adabu ndiyo kubwa zaidi, na adabu zetu hazikosi, ni mlango tu uko tofauti. Sisi tumelelewa kusalimu kwanza. Huwezi kuingia kwa watu na shida mdomoni. Kwa hivyo kijana anaandika "Hi", anangoja. Kesho anaandika "How are you", anangoja. Kwake hiyo ni heshima. Kwa anayepokea, ni mtu aliyepiga hodi halafu akasimama kimya mlangoni. Ongeza na saa: Nairobi iko mbele ya San Francisco kwa saa 10 au 11 kulingana na msimu. Kukiwa saa tatu asubuhi kwao, kwetu ni saa moja au saa mbili usiku. "Hi" moja na jibu lake zinaweza kumaliza siku nzima, na kazi imeshachukuliwa na mwingine. Piga hodi, sema jina, sema shida, yote kwa meseji moja.

Halafu tuache kuombaomba. "Tafadhali mkubwa nisaidie, hali ni ngumu." Hali ni ngumu kweli, hata huku. Lakini mteja hana bajeti ya huruma, ana bajeti ya kurekebisha duka lake. Ukianza kwa kulia, umeshamwambia bei yako ni chochote atakachotoa, na atatoa hicho.

Nikiandika mfano kwa Kiswahili tuelewane, meseji nzuri huwa hivi: "Habari. Naitwa fulani. Nimesoma tangazo lako kuhusu kikapu cha duka kinachojifuta mnunuzi akirudi nyuma. Nimejaribu tovuti yako: kwa simu hitilafu inatokea, kwa kompyuta haitokei. Kazi kama hiyo niliyofanya iko kwenye kiungo hiki. Naweza kuanza Jumatatu na nadhani itachukua siku mbili. Swali moja: je, hitilafu ilianza baada ya mabadiliko yoyote?"

Hakuna Kiingereza cha Shakespeare hapo. Kuna ushahidi kwamba amesoma, amejaribu, na amefikiria. Hilo swali la mwisho pekee linashinda digrii nyingi.

"Lakini sai si akili unde inaniandikia?" Inaandika, ndiyo, na tahajia inatoka safi. Shida ni kwamba tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 kila mtu ana tahajia safi. Maombi yanatoka yakifanana kama sare za shule. Ndiyo maana wateja wengine huficha mtego katikati ya tangazo: "anza jibu lako kwa neno ndizi." Anayebandika meseji moja kwa matangazo hamsini haoni ndizi. Tumia chombo kukusahihishia herufi ukitaka. Kusoma tangazo, soma mwenyewe.

Na kutuma ovyo ni gharama, si aibu tu. Upwork huuza Connects za kuombea kazi, na tangu 2019 kila moja ni dola 0.15. Tuseme kazi inadai Connects 10. Hiyo ni dola 1.50. Maombi 20 ya kubandika ni dola 30, karibu shilingi elfu nne. Buda, hiyo ni pesa ya chakula umeitupa kwa meseji ambazo hata wewe hukuzisoma. Heri maombi manne uliyokaa nayo.

Kitu cha mwisho kwa adabu ni ukweli. Usikodi akaunti ya mtu mwingine. Usiseme una miaka mitano ya uzoefu na uko na miaka ishirini na moja. Agosti 25, 1991, Linus Torvalds alikuwa na miaka hiyo hiyo, 21, mwanafunzi kule Finland. Kiingereza si lugha yake ya mama. Alituma ujumbe mfupi kwa watumiaji wa Minix kuwaambia anaunda mfumo wake. Alisema ni kitu cha kujiburudisha tu, akataja kilichokuwa tayari kinafanya kazi, akakiri ambacho pengine hakitawahi kufanya kazi, akaomba maoni. Hakujisifu na hakulia. Mfumo huo ndio Linux, na Android ya simu yako imejengwa juu yake. Hakuwa anaomba kazi, lakini ukitaka kujua kijana asiyejulikana anavyojitambulisha kwa wageni, ni hivyo.

Sijasahau wateja, na wao wana dhambi zao. Kuna wanaotaka programu nzima kwa dola hamsini, kuna wanaokupa "jaribio" la siku tatu bila malipo halafu wanapotea na kazi yako. Adabu ni ya pande mbili, na ukiona tangazo la dharau, pita. Meseji iliyonyooka inasaidia hata hapo, maana mtu aliyeandika wazi atafanya nini, kwa siku ngapi na kwa bei gani, ni ngumu kumzungusha baadaye.

Inauma kwamba tunapimwa kwa herufi kabla ya kupimwa kwa kazi, sitakudanganya. Lakini kati ya milango yote iliyofungwa kwetu, karo, karatasi, kujuana, huu ni mlango pekee ambao ufunguo wake ni bure. Dakika kumi za kusoma tena ulichoandika hazihitaji HELB.

Kwa hivyo usiku wa leo, kabla hujabonyeza tuma, isome kwa sauti. Ukikwama mahali, mteja pia atakwama hapo. Na wewe uliyepata kazi ya kwanza kwa meseji tu, weka kwa komenti uliandika nini, wengine waone. Mkinipata na makosa ya tahajia humu ndani, semeni pia. Nitarekebisha.