Kabla ya Kulitangaza Kaburi la Menelik

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hakosi kusikia habari za Menelik, mwana wa Mfalme Sulemani na Malkia wa Sheba: jinsi alivyoona kifo kinamkaribia akiwa vitani, akapanda kilele cha Kibo na watumwa na hazina yake, akaingia kwenye kreta akiwa na pete ya baba yake. Inaposimuliwa jioni kwenye kambi ya Horombo kama hadithi, sina neno nayo. Ni nzuri na iendelee kusimuliwa. Neno ninalo pale inapoletwa kwenye meza ya mhariri ikiwa imegeuka ugunduzi, na mwandishi anataka kichwa cha habari kisemacho kwamba ushahidi umepatikana.

Kitabu kinachomweleza Menelik kwa kirefu ni Kebra Nagast cha Ethiopia, cha karne ya 14. Kinamrudisha kwao na Sanduku la Agano; Kilimanjaro haimo. Mlimani nako, tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wafike kileleni Oktoba 1889, maelfu wamepita ukingoni mwa kreta. Mchungaji Richard Reusch wa Kilutheri aliingia hadi ndani katika miaka ya 1920, na kreta ya ndani ikapewa jina lake. Hakuna aliyeshuka na kigae cha kaburi. Reusch huyohuyo alimkuta chui aliyeganda karibu na ukingo mwaka 1926. Chui kwenye barafu ni jambo gumu kuaminika, lakini alimpiga picha, akamkata sikio, na mahali pale pakajulikana. Aliyetilia shaka alikuwa na pa kuanzia.

Madai ya namna hii yana uzito wa pekee kwa sababu yanagusa imani. Sulemani wa Wakristo ndiye Nabii Suleiman wa Waislamu, na Moshi ina waumini wa pande zote mbili wanaosoma gazeti moja. Muumini akiambiwa pete imeonekana, huipokea kama ushuhuda. Dai likianguka mwaka unaofuata, mwandishi huhamia habari nyingine, na anayebaki akichekwa ni yule muumini, aliyekuwa akiamini vizuri tu kabla hajapewa msaada asiouomba.

Hata wasomi wakubwa wameteleza hapa. Septemba 2012, Karen King wa Chuo Kikuu cha Harvard alitangaza mjini Roma kipande kidogo cha papirasi ambacho ndani yake Yesu anamtaja mke wake. Dunia nzima ilikisikia kabla makala yenyewe haijachapishwa; ilitoka 2014. Vipimo vilionyesha papirasi ni ya kale, wakati hoja ya wakosoaji ilihusu maneno yaliyoandikwa juu yake, na papirasi kuukuu inaweza kuandikwa hata leo. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Ariel Sabar alifuatilia mmiliki na asili ya kipande kile, na King akakiri kwamba ushahidi unaelemea kwenye kughushi. Swali la kitu kilikotoka lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza.

Liko dai lililo karibu zaidi na vihamba vyetu. Mwaka 1924 Charles Dundas, mtawala Mwingereza aliyefanya kazi Moshi, alitoa kitabu kuhusu Kilimanjaro na watu wake. Humo mna simulizi la Ruwa, Mungu wa Wachaga, aliyewaruhusu watu kula mazao yote isipokuwa kiazi kikuu kimoja kiitwacho ukaho, na la mgeni aliyewashawishi hadi wakakila. Aliyesoma kitabu cha Mwanzo lazima aone mfanano, na wapo wanaoruka kutoka hapo hadi kusema Wachaga walitoka Israeli. Lakini simulizi hilo liliandikwa wakati gani? Mmisionari Johannes Rebmann alikuwa Kilema, miteremkoni mwa mlima, mwaka 1848. Wamisionari Waanglikana wa CMS walikaa Moshi kwa Mangi Rindi kuanzia 1885, na Walutheri wa Leipzig wakafuata 1893. Kufikia 1924 kizazi kizima kilikuwa kimeshasikia habari za Adamu na Hawa. Huenda simulizi ni la kale kuliko misheni zote. Huenda liliokota vipande njiani. Kwa hali hiyo haliwezi kubeba safari nzima kutoka Yerusalemu.

Na safari hiyo inatugharimu. Watu waliochimba mifongo ya kuleta maji kutoka msituni, na mapango ya kujificha wakati wa vita, wanageuzwa kuwa mkia wa historia ya wengine. Utafiti wa Knut Odner uliochapishwa 1971 ulionyesha miteremkoni vigae vya wakulima wa mwanzo wa Enzi ya Chuma, vinavyofanana na vya Pare na vya Kwale, Kenya. Hiyo ni historia yenye vitu vya kushika, na ni wachache mno wanaoiandikia vichwa vya habari.

Nitaambiwa kwamba Rebmann naye alipingwa. Ni kweli. Aliandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, akamkanusha akiwa London. Rebmann ndiye aliyekuwa sahihi. Ila alitaja mlima, siku na njia, ndiyo maana mpelelezi Mjerumani von der Decken aliweza kuja mwaka 1861, na tena 1862, akapanda na kujionea. Kosa la Cooley lilikuwa kukataa bila kupima. Anayetangaza bila kupima anafanya kosa hilohilo kwa upande wa pili.

Kuna madhara mengine ambayo hayafutiki. Ukiandika kwamba pango fulani lina dhahabu ya Sulemani, umewaita watu wenye majembe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali cha kuchimba, na sababu yake ni ya msingi: tabaka la udongo likishavurugwa, hakuna kipimo cha kaboni kitakachosema kitu kilikaa wapi na pamoja na nini.

Kwa hiyo sisi wahariri tumekubaliana hivi kuanzia toleo hili. Makala inayodai ugunduzi wa kidini itataja nani alichimba, kwa kibali gani, kitu kimehifadhiwa wapi, na mtaalamu gani asiyehusika amekiona. Kisipokuwepo kimojawapo, tutaichapa kama masimulizi, chini ya jina hilo. Mahali panapoweza kuchimbwa kwa wizi hatutapataja. Na dai tulilolichapa likianguka, habari ya kuanguka kwake itakaa ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.