MZAZI AFUKUZWAPO NCHINI

Serikali yo yote ina haki ya kuamua ni mgeni gani akae katika nchi yake na ni nani aondoke. Hilo hatulipingi. Lakini mgeni huyo akiwa mzazi, amri ya kumfukuza yaweza pia kumnyang'anya mtoto wake, hata kama hakuna hakimu aliyemwona kuwa mzazi mbaya. Hapo ndipo twasema pana udhalimu.

Yaliyotokea Marekani yatufundisha. Mwaka 2005 mwanamke mmoja alirudishwa kwao Guatemala, na wanawe wawili wakabaki mikononi mwa wakuu wa jimbo la Nebraska. Baadaye mahakama ya chini ikamwondolea haki zake za uzazi. Mwaka 2009 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ikaitengua hukumu ile, ikaeleza kwamba makao mengine kuonekana bora si sababu ya kutosha kumtenga mama na wanawe. Haki ilitendeka, lakini ilichukua miaka minne, na miaka minne katika maisha ya mtoto si kitu kidogo.

Mizizi ya tatizo hili imo katika sheria zenyewe. Tangu mwaka 1997 sheria ya Marekani yataka kwamba mtoto akisha kaa miezi 15 kati ya 22 katika malezi ya Serikali, ifunguliwe kesi ya kumwondolea mzazi haki zake, isipokuwa pana sababu maalum. Na wazazi waliotengana je? Mahakama iliyotoa amri ya kwanza ya malezi ndiyo yenye mamlaka ya kuibadili, maadamu mtoto au mzazi mmoja angali akikaa katika jimbo lile. Basi aliyefukuzwa hana budi kubisha mlango ulio ndani ya nchi asiyoruhusiwa kuikanyaga, mara nyingi kwa miaka 10. Mtoto aliyeachwa na umri wa miaka 8 atakuwa mtu mzima.

Wako watakaosema kwamba mvunja sheria amejitakia. Mtoto je, amevunja sheria gani?

Dawa ipo. Mzazi asipandishwe ndege kabla hajafikishwa mbele ya hakimu wa malezi, aseme ni nani abaki na mtoto, au kama mtoto afuatane naye. Akisha ondoka, asikilizwe kwa simu, na ubalozi wake uarifiwe mapema. Hakimu naye apime faida ya mtoto, wala si utajiri wa nchi.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sheria isiyoujua uchungu huo yapasa irekebishwe.