Ng’ombe si kosa la Kiswahili

Leo nina ugomvi. Ni na waandishi wa programu wenzangu hapa Mombasa, wale wanaosema usimbaji wa herufi (ile kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti) ni shida ya Wachina. "Kiswahili ni a mpaka z tu," wanakwambia, na kwenye faili la kujengea programu hawatangazi chochote. Kompyuta ibahatishe yenyewe!

Kwanza, hiyo a mpaka z si kweli. Mfasiri huandika matini yake kwenye Word, na Word huigeuza ritifaa ya ng' ikawa ile iliyopinda: ’. Katika UTF-8 hiyo ni baiti tatu, E2 80 99. Kompaila ikidhani faili ni Windows-1252, inazisoma kuwa herufi tatu mbalimbali, na mteja anaona "ng’ombe" kwenye skrini. Mteja hailaumu kompaila. Anasema Kiswahili hakifai kwenye kompyuta, weka Kiingereza. Hapo ndipo panaponiuma.

Halafu sisi ni watu wa kisiwani, jamani. Mashairi ya Muyaka bin Haji, Mwalimu Sikujua aliyaandika kwa herufi za Kiarabu. Anayetaka kuyatia kwenye simu leo, kwa hati hiyo, atahitaji پ ya p, چ ya ch na ڤ ya v. ISO 8859-6, iliyotungwa kwa ajili ya Kiarabu, haina hata moja. Windows-1256 ina mbili za mwanzo, ڤ haina. Yunikodi inazo zote.

Na dawa yenyewe ni mstari mmoja! Kwenye pom.xml ya Maven weka project.build.sourceEncoding iwe UTF-8. Kwa Gradle ni options.encoding, kwa javac mtupu ni -encoding UTF-8. Maven yenyewe hutoa onyo kwamba matokeo yatategemea mashine iliyotumika. Watu wanalipita kama tangazo la matatu.

Mtaniambia Java 18, ya Machi 2022, imeshaifanya UTF-8 kuwa chaguo la kawaida kila mahali. Kweli. Lakini ofisi ninazozijua hapa mjini bado ziko Java 8, na huko seva ya Linux isiyopangiwa lugha huchukua ASCII, herufi 128 basi. Tena mafaili ya .properties yenye tafsiri yalisomwa kama ISO 8859-1 mpaka Java 9 ya 2017. Kwa hayo hata mstari wangu hausaidii. Andika \u2019 kwa mkono.

Na kutangaza si kubadilisha. Faili lililohifadhiwa kwa Windows-1252 ukiliita UTF-8 litakutolea � badala ya ritifaa. Lipitishe kwenye iconv kwanza, ndipo utangaze.

Anayebisha na aje, ila aje na faili lake.