Gharama za Mtaalamu wa Pili

Na Salim Kombo

Desemba 23, 1991, nyumba ya Cameron Todd Willingham iliungua mjini Corsicana, Texas, na binti zake watatu wakafia humo. Wapelelezi wakakagua sakafu, wakaona alama walizodai ni za mafuta yaliyomwagwa. Hata vioo vya madirisha, vilivyojaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, wakavihesabu kuwa dalili ya moto uliochochewa. Baba akahukumiwa kifo. Alichomwa sindano ya sumu Februari 17, 2004.

Nyufa zile hazithibitishi petroli. Majaribio yameonyesha kwamba kioo chenye joto kali hupasuka hivyo kikimwagiwa maji, kwa hiyo mpira wa zimamoto tu unatosha kuutengeneza "ushahidi" huo. Siku chache kabla ya hukumu kutekelezwa, mtaalamu Gerald Hurst aliandika ripoti ya kuubomoa uchunguzi ule. Ilifika ofisini kwa gavana. Haikuzuia kitu.

Mwaka 2013 Texas ikatunga sheria ya kwanza ya aina yake Marekani: sayansi iliyomfunga mtu ikibadilika, anaweza kurudi mahakamani. Kenya nayo, kwa ibara ya 50(6) ya Katiba, inamruhusu aliyeshindwa rufaa kuomba kesi isikilizwe upya akipata ushahidi mpya na mzito.

Milango hiyo ni mizuri, ila mfungwa anaachiwa kazi yote. Aliye nyuma ya nondo ndiye ajue kwamba wataalamu wamebadili kauli, ndiye atafute wakili, ndiye amlipe mtaalamu wa pili. Yule wa kwanza alilipwa na serikali!

FBI walionyesha njia nyingine. Walikubali kupitia upya kesi ambazo wataalamu wao walilinganisha nywele kwa hadubini. Matokeo ya awali ya 2015 yalitisha: katika zaidi ya asilimia 90 ya kesi zilizopitiwa, wataalamu walidai makubwa kuliko sayansi inavyoruhusu. Washtakiwa 32 walikuwa wamehukumiwa kifo, na 14 kati yao walishauawa au kufia gerezani.

Basi sheria ilazimishe hivyo kila mahali. Maabara ikigundua kipimo chake kina kasoro, ifungue majalada yote, imwandikie kila mfungwa anayehusika, na serikali igharimie mtaalamu wa pili. Waendesha mashtaka watalalamika kwamba mahakama zitafurika. Ziongezewe majaji.